Shira ya laktulosi kwa paka aliyefunga choo: tathmini baada ya wiki 7 za matumizi

Kwa muda wa wiki 7 nimekuwa nikimpa paka wangu shira ya laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo inayouzwa katika maduka ya dawa za binadamu, na sasa nimeijua vya kutosha kuweza kuieleza kwa haki, manufaa yake na taabu zake. Naandika kutoka Chumbageni, mjini Tanga, na nawaandikia hasa wafugaji wa miji yetu ya pwani, ambako paka yumo karibu katika kila nyumba lakini dawa yake haipatikani katika kila duka. Atakayesoma mistari hii ya mwanzo peke yake na ashike jambo moja: dawa hii ni nzuri, ila haikumponya paka wangu yenyewe kwa yenyewe, na lau ningeanza nayo kabla tumbo lake halijapapaswa na mtu anayejua, huenda ingemzidishia dhiki.

Paka huyo anaitwa Mashaka. Ni dume aliyehasiwa, ana umri wa miaka 11, na uzito wake ni kilo 4, uzito tulioupata kwa kumtia ndani ya kikapu na kumpima kwenye mizani ya duka la nafaka, kisha tukatoa uzito wa kikapu. Kwa miaka mingi alikula kutokana na chungu chetu: vibua vya kuchemsha kutoka soko la samaki la Deep Sea, mchuzi uliochanganywa na ugali kidogo, siku nyingine kichwa cha changu. Mwanzoni mwa mwaka huu nilimhamishia kwenye chakula kikavu cha paka kinachouzwa kwa mfuko, kwa kuwa niliona ni safi na hakihitaji moto. Sikufikiri kwamba chakula kile kina maji kiasi cha asilimia 10 tu, ilhali samaki mbichi ana takriban asilimia 75, wala sikumwongezea maji ya kunywa. Bakuli lake lilibaki lile lile, mahali pale pale, kando ya jiko.

Dalili zilianza kimya kimya. Aliingia kwenye beseni lake la mchanga mara nne au tano kwa asubuhi moja, akachuchumaa, akakaza mgongo, akatoa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha akatoka bila kuacha kitu. Siku ya tatu niliona matone ya maji ya kahawia sakafuni, nikaamini kwamba anaharisha, nikamnyima samaki na kumpa maji ya mchele kama anavyotunzwa mtoto wa nyumbani. Hilo lilikuwa kosa langu, na ni kosa jepesi kulifanya: choo kigumu kinapoziba utumbo mpana, umajimaji kidogo pamoja na ute huweza kupenya pembeni mwa bonge lile na kutoka, mwenye paka akadhani ni kuhara kumbe tatizo ni kinyume chake kabisa. Paka mzima kwa kawaida hupata choo karibu kila siku. Akipitisha siku 2 bila choo, aangaliwe kwa makini. Zikifika 3, daktari atafutwe hata kama paka bado anakula.

Kuna kosa jingine lililo kubwa zaidi, nalo linawahusu zaidi wenye madume. Dume anayeingia na kutoka kwenye beseni huku akijikamua na kulia anaweza kuwa hakufunga choo hata kidogo, bali amezibwa mkojo. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana, huzibika kwa ute na chembechembe za mawe, kibofu kikajaa, na sumu ambazo zingetoka kwa mkojo zikabaki katika damu. Paka wa namna hiyo hufa ndani ya siku chache asipofunguliwa, na hakuna shira wala boga litakalomsaidia. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote ya choo, uangaliwe mchanga wake kama umelowa. Wa Mashaka ulikuwa umelowa, na hapo tu ndipo nilipopata utulivu wa kuanza kuuliza watu.

Majibu niliyopewa yalikuwa mengi, na baadhi yake yalikuwa ya hatari kwa kiasi ambacho siwezi kuyanyamazia. Katika duka moja la dawa mjini, ambalo sitalitaja, muuzaji aliniambia kwa upole wote, "Dada, chukua hii enema ya watu, ukate nusu, saa moja tu atakuwa mzima." Nilisoma boksi la enema hiyo, yaani dawa ya maji inayotiwa kwa njia ya haja kubwa, nikaona ni ile ya fosfeti ya sodiamu, na nashukuru kwamba nilirudi nyumbani bila kuinunua, kwa sababu enema za aina hiyo huwaua paka. Fosfeti hufyonzwa kupitia utumbo na kupanda kwa ghafla katika damu, kalsiamu nayo ikashuka, na paka akaanza kutetemeka, kulegea na hata kupigwa na degedege. Kukata nusu hakumsaidii mnyama wa kilo 4. Mtu anayeuza dawa za binadamu hakufunzwa habari za paka, na simlaumu kwa kutojua, lakini namlaumu kwa kutosema kwamba hajui.

Jirani mmoja alinishauri mafuta ya mbarika, mwingine samli ya moto vijiko viwili, na mwingine yale mafuta laini ya madini yanayouzwa famasi kwa watu waliofunga choo, ambayo si mafuta ya taa ingawa kwa Kiingereza majina yao hukaribiana. Ya mbarika hukera utumbo na kuusukuma kwa nguvu dhidi ya bonge lisilotaka kutoka. Haya ya madini yana hila nyingine: hayana ladha wala harufu, hivyo koo la paka halishtuki kumeza, na anapolazimishwa kwa mdomo huweza kuyavuta hadi mapafuni akapata homa ya mapafu. Maziwa nayo tuliambiwa sana, maana Tanga ni mji wa maziwa. Kweli paka wengi waliokwisha kukua huharishwa nayo, lakini kuharishwa na sukari ya maziwa si matibabu, na mnyama aliyekwisha kukauka huzidi kupoteza maji.

Mwisho nilipata namba ya daktari wa mifugo anayewafuata wagonjwa majumbani, na huduma yake naiweka ndani ya tathmini hii kwa sababu bila hiyo ile shira isingekuwa na maana. Kumpata hakukuwa rahisi. Maduka ya mifugo niliyopita Ngamiani yamejaa dawa za kupe, dawa za kuku na mawe ya chumvi ya ng'ombe, na wataalamu wengi wa hapa siku yao inakatikia kwenye mazizi ya ng'ombe wa maziwa. Aliniahidi saa nne asubuhi akafika saa nane mchana, jambo lililonikera sana kwa vile paka alikuwa ameanza kukataa chakula. Hata hivyo, alipofika hakufanya pupa. Alimvuta ngozi ya shingoni akaona inarudi polepole, akamgusa fizi akazikuta kavu na zenye kunata, kisha akampapasa tumbo kwa vidole viwili na kunishika mkono ili nami niguse: kulikuwa na mabonge yaliyopangana, magumu kama vipande vya mkaa. Kibofu kilikuwa kidogo na laini. Alimpapasa pia nyonga na uti wa mgongo, akaniuliza kama amewahi kugongwa na pikipiki, kwa maana nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya huibana njia ya choo kwa maisha yote.

"Mama," akaniambia, "huyu kwanza ana kiu, choo ni matokeo." Alimtia maji ya dripu mililita 100 chini ya ngozi kati ya mabega, yakafanya nundu laini iliyonywea yenyewe baadaye, kisha akatumia maji ya uvuguvugu na kilainishi kuyatoa mabonge ya chini kwa taratibu. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, na sishauri mtu aijaribu nyumbani, kwa sababu utumbo uliovimba huchanika. Gharama yote ilikuwa shilingi 35,000 pamoja na nauli yake ya bodaboda. Kwa kazi niliyoiona naiita bei ya haki, na laiti ningeilipa siku ya pili badala ya siku ya tano.

Ndipo alipoandika laktulosi. Hii ni sukari iliyotengenezwa kwa ustadi ambayo mwili wa paka, kama wetu, hauwezi kuisaga wala kuifyonza katika utumbo mwembamba. Hupita nzima hadi utumbo mpana, huko bakteria huivunja ikawa asidi hafifu, na mchanganyiko ule huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta kwenye choo, kikalainika na kuusukuma ukuta wa utumbo ufanye kazi. Mtu akiuelewa utaratibu huu ataelewa pia kwa nini daktari alianza na dripu: dawa inayovuta maji kutoka katika mwili usio na maji humkausha mgonjwa zaidi. Ataelewa vilevile kwamba haina haraka. Huchukua siku moja hadi mbili kabla ya kuonyesha kazi yake, na anayetazamia matokeo kabla ya adhana ya magharibi atajikuta akizidisha kipimo bure.

Kipimo alichopewa Mashaka kilikuwa nusu mililita kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 2, asubuhi na jioni. Nakitaja ili msomaji apate picha, si ili akinakili, kwa kuwa daktari hukipandisha au kukishusha kwa kuangalia choo chenyewe. Nilinunua chupa ya mililita 200 kwa shilingi 14,000. Kikombe cha plastiki kinachokuja na chupa hakifai, maana kimeandikwa kwa vipimo vya watu wazima na hakiwezi kupima mililita 2 kwa uhakika. Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yake, lilinigharimu mia tatu na ndilo nililotumia tangu siku ya kwanza. Maelezo ya ndani ya boksi hayamtaji mnyama yeyote, na hilo ni pungufu la kweli kwa mtu asiye na daktari wa kumpigia simu.

Kumnywesha kunahitaji kujifunza. Namzungusha Mashaka ndani ya kanga kuukuu, kichwa tu kikiwa nje, namweka mapajani akitazama mbele, naingiza ncha ya bomba kwenye pembe ya mdomo nyuma ya chonge, na nasukuma kidogo kidogo nikimwachia nafasi ya kumeza. Kichwa hakiinuliwi juu, kwa kuwa dawa ikiteremka yenyewe huweza kuingia njia ya hewa. Watu hudhani kwa kuwa shira ni tamu atailamba mwenyewe. Paka haonji utamu. Watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba jeni moja inayohitajika kuutambua utamu imeharibika katika ukoo wao wote. Kwake ile ni tope inayonata, na siku za mwanzo alitoa povu na kunikwaruza mara mbili. Nilipoanza kuichanganya na kijiko kimoja cha mchuzi wa vibua uliopoa, mapambano yalipungua sana.

Sasa matokeo. Choo cha kwanza alichokitoa mwenyewe kilikuja saa 30 baada ya dozi ya kwanza, bado kigumu mwanzoni lakini laini mwishoni, na hakulia. Mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa akienda kila baada ya siku moja. Mwisho wa wiki ya tatu choo kikawa laini mno, kisicho na umbo, nikampigia daktari akashusha kipimo hadi mililita moja na nusu mara mbili kwa siku, na baada ya wiki nyingine mbili hadi mililita 1, nacho kimetulia hapo. Lengo ni choo laini chenye umbo. Kikiwa maji maji, dawa imezidi, na mzee wa miaka 11 hana akiba ya maji ya kupoteza. Kwa kazi ya kulainisha naipa nyota 5 bila kusita.

Kwa usumbufu wake siwezi kuipa zaidi ya nyota 3. Inanata kila mahali: kidevuni kwa paka, kwenye kanga, kwenye vidole, kwenye meza. Na katika nyumba ya pwani kitu kitamu kinachonata kina maana moja, sisimizi. Wiki ya kwanza niliwakuta wamejipanga kwenye ukosi wa Mashaka akiwa amelala, naye kajikunja kwa uchovu bila kuwafukuza, na nililia kwa uchungu. Tangu siku hiyo nafuta kidevu chake kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mara tu baada ya kila dozi, na chupa inakaa ndani ya bakuli lenye maji kidogo, kabatini, mbali na joto la jiko. Joto kali huikoleza rangi, kwa hiyo anayenunua achague chupa ambayo haikuanikwa dirishani mwa duka.

Kabla na katikati ya matumizi hayo nilijaribu pia boga, kwa kuwa ndilo linalotajwa kuliko vyote. Lazima liwe boga tupu lililochemshwa kwa maji. Boga la nazi tunalolipenda sisi halimfai, kwa mafuta yake na kwa sukari, na chakula chochote kilichotiwa kitunguu maji au kitunguu saumu kinaharibu chembe nyekundu za damu yake. Mashaka alikubali kijiko kimoja cha chai kwa siku nne, kisha akaanza kukizika kwa mguu kana kwamba ni kinyesi. Sina ugomvi na boga, ila lililochemshwa zaidi ya tisa ya kumi yake ni maji, na nyuzinyuzi zilizomo katika kijiko cha chai ni kidogo mno kuweza kusukuma mabonge kama yale. Kwa paka mwenye tatizo dogo la siku moja linaweza kusaidia. Maganda ya isapgoli, yale ya mbegu ambayo watu hutumia kulainisha choo, niliyokuwa nayo nyumbani daktari alinikataza kwa wakati ule, kwa sababu nyuzinyuzi zinazovimba zinahitaji maji mengi, na utumbo uliokwisha kutanuka na kulegea huziba zaidi zinapoongezwa.

Kilichofanya kazi sawa na ile shira, na pengine kuizidi, ni maji. Paka wetu wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa nchi kame, ambao hupata maji yao mengi ndani ya windo, na kiu yao ni hafifu kuliko mahitaji yao. Paka wa kilo 4 anahitaji kiasi cha mililita 200 au zaidi kidogo kwa siku, chakula na kinywaji kwa pamoja, na katika joto la Tanga la kuanzia Desemba hadi Machi haifai kumpunja. Nimemrudisha kwenye vibua vilivyochemshwa na kutolewa miba, pamoja na mchuzi wake usio na chumvi. Chakula kikavu kimebaki robo tu ya mlo, nacho nakiloweka. Bakuli la maji nimelitoa kando ya jiko. Sasa yako matatu, mapana, yasiyogusa ndevu zake, moja barazani penye upepo, na hilo ndilo analolipenda.

Beseni nalo lilikuwa na lawama ambayo sikuitarajia. Lilikuwa beseni la kufulia lenye ukingo mrefu, na mzee huyu ana maumivu ya viungo. Kuuruka ukingo ule kulimuuma, hivyo alikuwa akibana choo. Nimelibadilisha kwa trei ya chini na kuweka maranda ya mbao laini badala ya mchanga wa ufukweni, ambao hushika unyevu na harufu. Dawa ya maumivu sikumpa, na hapa naomba nieleweke: panado ya watu, hata robo ya kidonge, ni sumu kwa paka.

Ninaipendekeza laktulosi kwa paka ambaye daktari amekwisha kuthibitisha kwamba amefunga choo, amekwisha kunyweshwa maji ya kutosha, na hatapiki. Paka mwenye kisukari asipewe bila daktari kulijua hilo, kwa kuwa ndani ya shira hii mna sukari nyingine pia. Anayetapika, aliyeacha kula kabisa, mwenye tumbo lililokaza kama ngoma au anayetoa damu, si wa kutibiwa jikoni. Wapo pia paka ambao utumbo wao mpana umetanuka na kupoteza nguvu kwa kukaa na choo kigumu muda mrefu. Kwao shira huwa ni sehemu tu ya matibabu, na wengine huishia kupasuliwa.

Chupa ya kwanza imebakiwa na kama mililita 40. Ya pili nimekwisha kuinunua, kwa bei ile ile, na daktari atarudi mwisho wa mwezi kumpapasa Mashaka tumbo na kuamua kama dozi ya jioni tunaweza kuiacha.